Ukurasa wa Tisa

Punta Arenas. Upepo unachapa mabati,
na Nélida, kiwiko juu ya mto, anahesabu:
sekunde kumi na nane mumewe hapumui,
ishirini na mbili,
kisha mkoromo, kama gari linalokataa kuwaka.

Miaka mitatu walimzungusha.
Wa moyo hakujua alilosema wa koo,
wa koo hakumjua wa meno,
na kila dirisha liliuliza upya: jina? umri? shida?
Shida ni usingizi, akaandika,
akasinzia kalamu ingali mkononi.

Hadi muuguzi Rayén alipovuta viti vitano,
faili moja katikati,
na kabla ya mashine, kabla ya barakoa na mpira wake mrefu,
akageukia kiti cha mgonjwa:
"Nawe, don Evaristo, unataka nini?"

Akakuna kidevu. Moyo hakuutaja.
"Mjukuu wangu, Fresia. Namsomea kitabu cha mbweha.
Sijawahi kuvuka ukurasa wa nne.
Yeye ndiye hunifunika blanketi."

Daktari wa moyo akaliandika hilo.
Wa meno naye akaliandika.

Sitasema amepona. Barakoa ilimchubua pua,
wiki ya pili akaitupa uvunguni;
Rayén akapiga simu, wakambadilishia saizi,
wote watano wakajua siku hiyohiyo.

Ila jana mbweha alifika ukurasa wa tisa,
na usiku, kwa mazoea tu,
Nélida akaanza kuhesabu pumzi,
akafika saba,
akapitiwa.