Mpima Kengele

Jumatatu alisema kichwa, nikasema ni jua,
kanywe maji, ulale.
Jumanne akaichukia taa.
Akageukia ukutani, shingo imekaza
kama uma wa baiskeli uliokula kutu.

Bibi yake akafukiza kivumbasi: degedege,
ndege kapita juu ya bati.
Simcheki. Kazika wawili kwa moshi huo
na hakuna aliyemwambia vingine.

Saa nane usiku nikamfunga mgongoni kwa kanga ya mamaye,
nikakanyaga pedali kutoka Ngamiani hadi Bombo,
kila shimo kipaji chake kikinigonga,
ko, ko,
kama anayebisha hodi nyumba isiyo na mtu.

Wakataka maji ya uti wa mgongo wake.
Mtaani husema sindano hiyo hulemaza.
Nikasaini; grisi ya kidole ikabaki kwenye fomu.
Maji yale, alisema Sista Namkunda, hutakiwa yang'ae.
Yakatoka kama ya kuoshea mchele.

Kitanda cha jirani, binti wa Mabokweni,
malaria imempanda kichwani.
Mama yake alihesabu matone ya dripu kwa Kidigo
mpaka asubuhi ya tatu
shuka likatandikwa upya, limenyooka,
nami nikajifanya natafuta kandambili.

Siku ya tisa Mwinjuma akafumbua macho,
akatutazama midomo.
"Mbona mnanong'ona?" akauliza, kwa sauti ya mnadani.
Hakuna aliyenong'ona.
Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, wodi nzima kelele,
vifuniko vya hotipoti, watoto, salamu.

Sasa amerudi kibandani, Barabara ya Kumi na Tatu.
Zamani yeye ndiye aliyenipimia kengele:
hii nzima, hii imekufa, hii, baba, ina mafua.
Leo anaung'ata usukani,
anabonyeza kwa dole gumba, anafumba macho,
anasikiliza kwa meno.
"Nzima!"
Hadi Barabara ya Kumi na Nne wanageuka.

Mwalimu wa viziwi kanifundisha ishara sita.
Mikono hii imezoea spana; nikitaka kusema maji
nasema sijui nini,
mtoto anacheka mpaka anakaa chini.

Na bado nasahau.
Bado namwita akiwa amenipa mgongo.