Rangi ya Kahawia

Mwalimu Casilda amechora Peru ubaoni
kwa mkono mmoja, mwingine umeshika shali.
"Pwani, njano. Milima, kahawia. Msitu, kijani."
Tunapaka. Dirisha lina ufa,
na baridi ya mita elfu nne haina adabu.

Penseli ya njano bado ndefu: pwani ni uzi tu.
Ya kahawia imebaki kipande cha ukucha
nami bado sijafika kwetu.

Eleuterio anauliza, "Sisi tuko wapi?"
Mwalimu anagusa mahali pasipo na jina.
Chaki inaacha nukta.
Darasa zima linainuka kuitazama.

Usiku mama anaichukua ramani, anaigeuza juu chini.
Hajui kusoma; mlima anaujua kwa magoti.
Hapa punda hugoma.
Hapa viazi huungua kwa barafu.
Na huku, kwenye kijani,
ndiko Wilber alikoshuka kuchuma kahawa,
barua yake moja ikarudi inanuka ukungu.
Anaweka kidole hapo, anasugua, anasugua,
hadi kahawia inaingia msituni.

Kesho nitaandikiwa kwa wino mwekundu:
"Mipaka ya kanda haieleweki."

Sitaifuta.