Kuhesabu Kimya

Usiku wa Mabela una sauti mbili:
kiyoyozi, na wewe.
Unakoroma kama gari la maji
likipanda mlima wa Amerat,
halafu, katikati ya mlima,
injini inazima.

Hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu.
Tasbihi ya marehemu mama chini ya mto,
punje moja, sekunde moja.
Kumi na nne. Ishirini. Ishirini na tisa,
mkono wangu umeshanyanyuka kukupiga bega,
mara unashtuka, unavuta pumzi
kama mtu aliyeopolewa kisimani,
unageukia ukuta.
Asubuhi unasema, "Nimelala kama gogo,"
kisha unasinzia kwenye taa nyekundu ya Al-Khoudh
mpaka honi za watu zikuamshe.

Presha yako ilikula vidonge vitatu
na haikushiba.
Ukaacha chumvi. Ukaacha papa mkavu, Sleyum, wewe!
Mia na sabini juu, mia na nne chini,
kipimo kikikubana mkono kama mdai.

Daktari Thuraiya akakuacha wewe, akanigeukia mimi:
"Mama, huyu analala vipi?"
Miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikaitoa tasbihi mkobani
nikamwonyesha kwa kidole:
juzi, hapa. Jana, hapa.
Usiku wa ishirini na saba, hapa.

Wakakufunga nyaya, ukalala kwao usiku mmoja,
ukarudi na mashine na kinyago.
"Mimi si rubani," ukasema.
Siku nne kikaning'inia kwenye kitasa cha kabati.
Ya tano nikakwambia:
usiku wa kuamkia leo nilifika thelathini na nane.

Hukujibu. Ukaichukua tasbihi,
ukafunga mdomo, ukabana pua,
ukaanza kuvuta punje.
Ishirini na sita, macho yamekutoka,
ukaachia.
Ukatazama punje zilizobaki.
Ukanyoosha mkono kwenye kitasa.

Usiku ule sikulala mimi.
Kimya kilikuwa kirefu mno, hakina mlima.
Nikapeleka kiganja kwenye tundu la kinyago,
upepo mdogo ukanigusa, ukaondoka,
ukarudi.

Miezi mitatu: mia na arobaini na mbili.
Kidonge kimoja kimeondolewa, viwili vipo,
na papa bado haramu yako.

Jana nilianza kuhesabu, kwa mazoea tu.
Moja.
Mbili.
Ya tatu siikumbuki.