Daftari la Vipimo

Bukuru, wewe sikukupima kamwe.
Nilijizungushia utepe mwenyewe,
kifua, kiuno, nyonga,
nikaandika jina lako juu ya namba zangu,
na gauni likakukaa.
Soko zima la Mwanga likasema fundi ana dawa.
Chanda na pete, walituita.
Lakini pete huvuliwa.

Ulinitangulia kwa muda wa chungu cha maharage kuchemka;
ndivyo alivyohesabu bibi, hakuwa na saa.
Majina yalikuwa yakitungoja mlangoni:
wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi,
na Chiza wa kufuata, atake asitake.
Kwa chungu kimoja tu ukajifanya mkubwa maisha yote.
"Mkubwa hutangulia," ulisema,
ukichukua kichwa cha mgebuka,
ukiniachia mkia.

Wanao waliniita mama mdogo,
isipokuwa Renata, miezi kumi,
asiyejua habari za udogo wala ukubwa.
Alinipapasa kifuani akitafuta ziwa,
akanyonya hewa,
akanikazia macho kama mteja aliyepunjwa.
Ulicheka hadi ukakaa chini mavumbini:
"Kigoma nzima ina ziwa, Butoyi, wewe tu huna!"

Usiku ule wa Aprili sikuota kitu.
Watu huniuliza: hukuhisi? Mapacha si huhisiana?
Sikuhisi.
Mvua ilipiga bati, nikavuta khanga, nikalala fofofo,
na kule Mlole ukuta wa tofali mbichi,
ule wa upande wa kilima,
ukilainika kama mkate kwenye chai.
Alfajiri alikuja Chiza, tope hadi magotini.
Akanitazama usoni,
akashindwa kuendelea kunitazama.

Hata leo hawawezi.
Mama huongea nami ameinamia ungo.
Muuza mawese wa Gungu, hakuwa na habari,
aliniita kwa jina lako, akauliza watoto hawajambo.
Nikamjibu: hawajambo.
Nikalipa, nikasahau chenji.

Daftari ninalo.
Edisa: bega kumi na moja, urefu wa sketi kumi na nane.
Sabimana: kaptula, kiuno ishirini,
na pembeni, kwa mwandiko wako wa kulala,
*akishiba, ishirini na mbili.*
Renata hana ukurasa.
Nilimshonea kwa kukadiria, kwa mabaki ya vitambaa vya watu.

Sketi ya Edisa ilikutwa kwenye kamba ya jirani,
safi, ikipepea, haina hata tone la tope.
Nimeihifadhi chini ya cherehani.
Pindo lake lina inchi tatu,
fundi huacha pindo ili mtoto akue.
Januari hii ningefumua moja.
Januari hii wazazi wamejaa kibarazani na vitambaa vya bluu,
na kila binti wa miaka tisa akinyoosha mikono nimpime
utepe hunitoka vidoleni.

Jana usiku nilifunga mlango,
nikajizungushia utepe kama zamani.
Kiuno kimepungua inchi mbili.
Nikafungua ukurasa wako,
nikakata namba ya zamani, nikaandika mpya.

Umekonda, Bukuru.
Unakula huko?