Ekseli

Ubaoni niliandika, kwa chaki inayovunjikavunjika:
USAFIRI WA NCHI KAVU.
Chini yake baiskeli, pikipiki, basi, lori, treni,
kama kitabu kinavyotaka, kwa mpangilio uleule.
Kisha nikasema: kesho kila mtu aje na gari lake.
Darasa la tatu likacheka.
Wengine kwao hata toroli ni la kuazima.

Kesho yake Pasua nzima ilikuwa imepekuliwa.
Maboksi ya dawa ya meno, ya viatu, ya majani ya chai,
vifuniko vya maji vilivyookotwa stendi,
ndala za mtu (sikuuliza za nani)
zimekatwa duara kwa wembe, magurudumu manne kila soli.
Elinami alileta basi lenye kioo cha nailoni
na maandishi ubavuni: MUNGU HANA HARAKA.
Tumsifu, lori la miwa.
Kimaro, treni ya makopo saba ya nyanya.
"Haijaondoka," alisema, "bado inasubiri,"
na kila aliyewahi kupita stesheni akamwelewa.

Tukatoka nje kuyajaribu.
Shuleni kwetu mteremko ni mmoja tu,
ule wa saruji pembeni ya ngazi.
Wazazi waliuchangia mwaka juzi, mfuko kwa mfuko,
ili Ndeonasia aingie darasani bila kubebwa kama gunia.

Gari la kwanza liliteleza kwa tumbo.
La pili likasimama palepale lilipowekwa,
mbuzi aliyegoma.
Basi la Elinami lilianguka kifudifudi,
abiria wake, punje za mahindi, wakamwagika,
kuku wa jirani wakafika kabla ya uokoaji.
Nami mwalimu, mwenye cheti,
nikasema labda mteremko ni mfupi.

"Mmeigandisha ekseli, mwalimu."

Alikuwa juu, kwenye kiti chake,
breki ameifunga, ile ya mpira wa tairi
aliyojitengenezea kwa waya.
Akaomba basi. Akaligeuza miguu juu
kama mama anayekagua kuku Mbuyuni.
"Gundi imeshika kijiti na boksi pamoja.
Gurudumu likikazwa hivi halisafiri, linaburuzwa."
Akaomba kalamu iliyokwisha wino.
Akalikata bomba lake kwa meno, vipande viwili,
akavigandisha tumboni mwa basi,
na kijiti cha mshikaki kikapita ndani, huru, kikicheza.
Kisha akapitisha kidole kwenye kitovu
cha gurudumu lake mwenyewe, la kushoto,
kikatoka cheusi kwa grisi,
akapaka huku na huku.

Basi lilishuka.
Lilishuka hadi chini, likaruka ufa,
likavuka mfereji mkavu, likagonga kiatu
cha mwalimu mkuu aliyekuja kuuliza kelele za nini.

Mpaka kengele ya mwisho kulikuwa na foleni kwa fundi.
Malipo karanga, au nusu andazi.
Treni ya Kimaro ilihitaji mabomba kumi na manne
na darasa zima likabaki linaandika kwa penseli.
Mlima ulifunuka saa tisa, mweupe wote,
ukajifunika tena. Sidhani kuna aliyeuona.

Mwezi wa sita nikasahihisha mtihani.
Swali la nne: Taja vyombo vitano vya usafiri wa nchi kavu.
Karatasi arobaini na tatu.
Mmoja aliandika meli; huyo nilimkosesha.
Lakini kwenye thelathini na moja,
katikati ya lori na treni, kwa miandiko ya kila namna,
palikuwa na kiti cha Ndeonasia.
Ndeonasia mwenyewe alijibu kama kitabu:
baiskeli, pikipiki, basi, lori, treni.
Orodha yangu, nilivyoiandika, haikupungua neno.

Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na kiti.
Niliusoma mara mbili.
Nikaweka vema, nikaweka vema,
mpaka kwenye karatasi ya ishirini na tisa
kalamu nyekundu ikakwaruza, ikakata.
Sikuitupa. Nimeiweka dirishani, karibu na basi.