Kinywa cha Banda la Isevya

Banda letu liko nyuma ya mashine ya kukoboa,
mabati juu, turubai ubavuni, kiingilio mia mbili.
Runinga ni moja, ya kichogo,
na mimi ndiye kinywa chake.
Maikrofoni nimeifunga kwa mpira wa baiskeli.
Muuaji akisema, nasema; mjane akilia, nalia;
risasi nazo nazipiga kwa ulimi,
na watoto wa Cheyo huzipenda zangu kuliko za kwenye mkanda.

Lugha ya wale watu siijui.
Nasoma nyuso. Miaka kumi na moja nasoma nyuso,
hakuna aliyerudi kudai maneno yake.

Jumamosi ile mkanda ulikuwa mgeni hata kwangu.
Mtu aliua sana ujanani. Sasa kazeeka, anafuga nyuki,
anarudi kwenye kijiji alichokichoma,
anapiga magoti mbele ya mlango wa mwanamke
na mlango haufunguki.
Banda kimya. Kabula muuza karanga
akaacha kukunja karatasi.
Midomo ya mzee ikaanza kwenda,
nikafungua wangu kuifuata,
na kilichotoka hakikuwa chake.

Nilisema: Mama, sikushika panga.
Nilishika filimbi.
Miaka kumi na saba, kamba mpya shingoni,
kamanda kaniambia, ukiona moshi jikoni kwake, piga.
Nikapiga.
Macho yako yalikuwa mekundu kwa kupuliza kinyesi cha ng'ombe
miaka yote ile, ukitupikia;
wao wakasema macho ya fisi.
Juzi yake tu nilikula matobolwa kwako, na karanga,
ukaniongeza bila kuombwa.
Wenzangu walikata, walichoma.
Mimi nilitoa pumzi.
Pumzi tu, Nyamizi binti Kasanda,
ng'ambo ya mto Wala, mwezi wa mavuno ya tumbaku.

Kwenye kioo mzee alishafunga mdomo kitambo.
Mimi nilikuwa bado naendelea.

Mtu wa nyuma akacheka: "Leo Mhoja katia chumvi!"
Mwingine: "Mwache, hapo ndipo patamu."

Kabula hakucheka.
Ana kovu la moto toka kiwiko hadi kiganja.
Miaka sita nanunua karanga zake,
za mia moja kwa noti ya mia tano,
na chenji namwambia kaa nayo, mwanangu.
Kaa nayo. Kama vile damu ina bei ya rejareja.

Mkanda ulipokwisha akaja mezani,
akafungua fundo la kanga,
akapanga sarafu mbele yangu, moja, moja,
mia nne. Chenji ya siku hiyo.
"Kuanzia leo utakuwa unachukua chako."
Kisha, bila kuinua macho:
"Hiyo filimbi. Unayo?"

Ninayo. Juu ya kenchi, ndani ya mkebe wa tumbaku,
nimeizungushia kitambaa kama jino la mtoto.
"Ninayo."
"Kesho uilete."
Akajitwika ungo, akatoka,
hakusema ailetewe ya nini.

Nikatia mkanda wa pili, ule wa majambazi.
Wakachomoa bastola, wakapanua midomo,
wakaanguka mmoja mmoja vumbini, kimya, kimya,
na watoto kwenye mabenchi wakapiga miguu chini:
"Sauti! Mhoja, sauti!"