Haya

Kipindi cha sita, chumba namba mia na nne,
Kihispania cha Juu, Bonde la Yakima, Aprili.
Usiku sakitu ilitishia maua ya mitufaha,
feni za mashambani zikanguruma hadi alfajiri
na nusu ya darasa inapiga miayo.
Bi. Halvorsen hapigi. Ana chaki ya kijani
na lafudhi aliyoichuma Salamanka kwa miaka miwili.
Nzuri, sikatai. Inateleza kama sabuni.

"Leo," anasema, "ni kitenzi kinachotaka,
kinachoogopa, kinachosubiri kuwa.
Nereida, kamilisha:
natumaini pawepo mkate."
Nami nikajibu kama nijibuvyo jikoni,
bila kufikiri, kama mtu anavyokuna goti:
"Haiga."

Kalamu ya Tanner Vandersloot ikaacha kugonga meza.
"Haya," akasema mwalimu, kwa upole,
na upole ndio uliochoma. "Si haiga. Haya."
Haya, nikaandika. Haya, mara kumi,
na haya yenyewe ikanipanda
kutoka shingoni hadi masikioni.

Mimi niliyesimama kati ya daktari na mama
nikiwa na miaka tisa, nikitafuta neno la uvimbe
ambalo halitamtisha;
mimi niliyesoma barua ya benki kwa sauti
huku baba akikata kucha, akijifanya hasikii;
nilipata sabini na moja
katika mtihani wa vijistari juu ya irabu.
Tanner, tisini na nane.
Msimseme Tanner. Alijifunza kwa kadi za manjano
usiku hadi usiku, na Jumamosi
humsalimia baba yangu aliye juu ya ngazi,
katika mitufaha ya baba yake Tanner,
bila kukosea hata nafsi moja.
"Ndiyo, kijana," hujibu baba,
tawi linaanguka, anasogeza ngazi.

Wiki iliyofuata tuligawiwa nakala ya barua
ya baharia fulani, miaka mia nne na ushei,
mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua.
Mstari wa tatu: "truje". Nilileta.
"Hili limekufa," akasema Bi. Halvorsen. "Msilitumie."

Limekufa lini?
Asubuhi ile ile bibi yangu Eulalia
aliingia kutoka bandani, viatu vina tope,
aproni ameikunja kama kikapu:
"Truje" mayai, alisema.
Na mimi niliyala. Mawili, kwa chumvi.

Nikainua mkono.
"Ndiyo, Nereida?"
Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Jioni nikamjaribu bibi. Nikasema
natumaini patakuwa na mvua, ila nikaisema sawasawa,
kwa haya, iliyopigwa pasi, yenye vifungo vyote.
Akaacha kugeuza chapati ya mahindi.
"Nani kakufundisha kuongea kama karani wa uhamiaji?"
Chapati ikaanza kunuka.
Kisha akaliokota lile neno, akalitia mdomoni,
akalizungusha upande huu na ule
kama mtu anayejaribisha meno ya bandia ya marehemu mumewe.
"Haya," akasema. Akangoja.
"Halikai."

Mei. Mtihani wa kuzungumza.
Vibanda ishirini, vipaza sauti ishirini,
taa ndogo nyekundu, dakika mbili
za kueleza mila moja ya jamii yako.
Nilisema haya kila palipotakiwa haya.
Nilimsikia Tanner, kibanda cha pili,
akisifia sikukuu ya mavuno ambayo hajawahi kuhudhuria.
Nikamaliza mapema. Saa ikaonyesha sekunde tisa
na mashine bado inanisikiliza,
mashine isiyojua kunionea huruma.

Nikaisogelea.
Nikaiambia, kwa neno lililokufa,
nani aliyeleta mayai.